Mwaka Mmoja kwa Ajili ya Norrby

Minneapolis, 18 Septemba 1994

Mpenzi Baba Noela,

Barua yako niliipokea nikitoka chuoni, nikaisomea kwenye lifti mpaka nikapitiliza ghorofa yetu. Kumbe Noela ameng'oka meno ya mbele! Mwambie asimchekee mtu mpaka nirudi nimwone. Juni si mbali.

Sasa nikupe habari ya kukufurahisha, wewe mtu wa reli. Juzi mwalimu wetu Margaret alitupakia kwenye gari la chuo, sisi wanafunzi wa usanifu majengo, akatupeleka Norrby. Ni mji mdogo kusini ya Saint Paul, mwendo wa saa moja hivi: makanisa matatu, kinu cha ngano kilichofungwa, na stesheni. Lukas, stesheni gani! Ilijengwa mwaka 1887. Kuta ni za matofali ya manjano yaliyochomwa papo hapo mjini, lakini kuanzia chini hadi kiunoni ni mawe ya chokaa yaliyochongwa kwa mkono, na milango imepita chini ya matao mazito kama ya ngome. Paa limetokeza mbele sana, limebebwa na mihimili ya mbao iliyopinda, ili anayengoja treni asinyeshewe. Juu ya mlango mkuu kuna mnara wa saa. Saa yenyewe imesimama.

Upande wa reli kuna dirisha lililochomoza nje ya ukuta, lina vioo pande tatu. Nilipoliona nikacheka peke yangu, nikakumbuka unavyolalamika kwamba kwenu lazima uinuke kitini kila mara kuchungulia njia. Wenzangu wakauliza nacheka nini. Nikasema, "Mume wangu ni msaidizi wa stesheni masta. Angeliona dirisha hili angehamia humu na godoro."

Treni ya mwisho ya abiria ilisimama hapo mwaka 1971. Za mizigo bado zinapita, hazisimami. Kampuni inayomiliki jengo inataka kulivunja ipate mahali pa kuegesha magari. Wananchi wameunda kamati ya kulitetea, na mwenyekiti wao ni Susan, mwalimu mstaafu, mjane, ana sauti kama kengele ya shule. Sisi wanafunzi tutawachorea jengo lote, ndani na nje, wawe na kitu cha kuonyesha.

Kendi anakusalimu. Ndiye yule dada Mmeru wa Kenya ninayeishi naye, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mkumbatie Noela kwa ajili yangu, umbane mpaka alalamike.

Wako,
Haika


Stesheni ya Moshi, 16 Oktoba 1994

Mama Noela,

Sisi wazima. Jino moja limeshaota, la pili linachungulia. Noela amegundua kwamba pengo lile linapiga mluzi mzuri, na hofu yake sasa ni kwamba meno yakijaa mluzi utakwisha.

Barua yako niliwasomea wenzangu ofisini, sehemu ya jengo tu, usiogope. Naftali, karani wetu wa tiketi, ameuliza: mji mdogo namna hiyo, mnara wa nini? Nikamwambia nitakuuliza wewe. Tena anauliza kwa nini wenzetu wanaliacha jengo zuri lisimame bure miaka yote hiyo.

Hapa treni ya abiria inasuasua. Juma lililopita ilifika na mabehewa mawili, na mbuzi walikuwa wengi kuliko watu. Wasafiri wamekimbilia mabasi. Lakini stesheni ni stesheni. Asubuhi tunafagia, tunafungua dirisha la tiketi, tunangoja.

Nimeanza kupaka rangi chumba chetu hapa kota za reli, ile rangi ya maziwa uliyoitaka. Na chini ya dirisha nimekutengenezea meza ya kuchorea. Fundi alitaka kunisaidia, nikakataa. Imeegama kidogo upande mmoja, lakini penseli haitaanguka. Juni utaikuta.

Wako,
Lukas


Minneapolis, 22 Januari 1995

Mpenzi Lukas,

Mwambie Naftali nimempatia jibu la mnara. Kampuni ya reli ilitaka kuwajengea watu wa Norrby banda la mbao kama la miji mingine. Wakakataa. Mji wa jirani ulikuwa umepata stesheni yenye mnara, na Norrby hawakukubali kupitwa. Wakatoa mawe yao bure kutoka machimbo yao, kwa sharti moja: mnara uwepo, tena uzidi ule wa jirani. Ukazidi kwa urefu wa mtu. Basi ni wivu ndio ulioujenga, na wivu ule umewapa kitu cha kupendeza.

Ndani kuna vyumba viwili vya kungojea. Kimoja kilikuwa cha wanaume, waliotafuna tumbaku na kutema ovyo. Cha pili kilikuwa cha wanawake na watoto, nacho kina meko ya kuotea moto. Wahamiaji kutoka Sweden walishukia hapo. Wanaume walikuwa wametangulia kulima, wake zao wakafuata na watoto, hawajui neno la Kiingereza. Bibi yake Susan alikuwa mmoja wao. Alishuka, hakuona mume. Mume alikuwa amekosea tarehe. Akalala kwenye benchi na watoto wawili, na mke wa stesheni masta akamletea supu, mpaka mume akatokea na gari la farasi. Susan anasema waliishi pamoja miaka hamsini, na kila walipogombana bibi alikuwa na neno moja tu: "Mimi nililala stesheni."

Jumamosi tulipanda ngazi tukabandua mbao za dari lililowekwa baadaye. Nje theluji imefika magotini, ndani pumzi zetu zinatoka kama moshi. Ubao wa kwanza ulipoanguka tukaona juu yake dari la asili, la mwaloni, mihimili imepishana kama mkeka, haijaguswa na mdudu. Kendi alikuwa amekuja kwa sababu gari ni lake. Akapaza sauti: "Haki ya Mungu, hawa watu walikuwa wanaficha hii kitu ya nini?"

Lukas, kuna jambo. Kazi haitakwisha Juni. Chuo kimenitaka nibaki mwaka mmoja zaidi nisimamie michoro, maana wenzangu wanamaliza na kuondoka. Nimeambiwa hakuna mwingine. Sikulipanga, na najua linavyokuumiza. Linaniumiza na mimi. Ni mwaka mmoja tu. Sebastian, yule kijana wa Machame anayesoma uchumi hapa, anarudi nyumbani Aprili. Atakuletea picha za stesheni uone mwenyewe.

Usinikasirikie.

Wako,
Haika


Moshi, 12 Machi 1995

Mama Noela,

Barua yako ya Januari nimeipata. Kama wamesema ubaki, baki umalize. Kazi kama hiyo huwezi kumwachia mtu katikati.

Hapa hakuna jipya. Noela ameanza darasa la kwanza, anaandika jina lake lakini herufi ya mwanzo anaigeuza. Mvua zimeanza. Anwani usibadilishe, iwe hiyohiyo ya stesheni. Naftali hunipa barua zako mkononi.

Jitunze na baridi.

Lukas


Minneapolis, 25 Juni 1995

Mpenzi Lukas,

Mwezi huu ndio ningekuwa nyumbani. Nimejizuia nisiutaje, na sasa nimeutaja. Barua zako zimekuwa fupi, nami najiambia ni kazi nyingi. Nimefurahi sana ulivyonielewa. Kendi anasema mume wa aina yako hata Meru hakuna.

Wiki hii baraza la mji wa Norrby lilisikiliza shauri letu. Ukumbi ulijaa. Mwanasheria wa kampuni akasema jengo ni mzigo. Susan akasimama, akawataja kwa majina vijana walioondokea stesheni ile kwenda vitani, wakiwemo ambao hawakurudi. Kisha nikaitwa mimi nieleze michoro. Nikawaeleza matao, dari, dirisha. Mjumbe mmoja, mzee, akaniuliza kwa upole tu: "Mama, wewe si wa hapa. Stesheni hii inakuhusu nini?"

Lukas, sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Mume wangu anafanya kazi kwenye stesheni ndogo chini ya mlima Kilimanjaro. Sasa hivi kule kunapambazuka. Anajiandaa kwenda kufungua dirisha la tiketi. Treni inaweza isije, lakini yeye atafungua. Kwa hiyo najua stesheni ni kitu gani." Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Susan alilia. Baraza likaipa kamati muda mpaka mwakani itafute mnunuzi atakayelitunza jengo. Hatujashinda, lakini hatujashindwa, na ni kwa sababu yako.

Nimekutumia kifurushi hapo stesheni. Kuna viatu vya Noela na koti la sufu la stesheni masta wa zamani, Susan alilipata kwenye mnada. Ni zito mno kwa Moshi, najua. Livae Julai, uwatishe abiria.

Wako daima,
Haika


Moshi, Pasua, 3 Septemba 1995

Wifi yangu Haika,

Bwana asifiwe. Ni mimi Teresa, dada yake Lukas. Sijawahi kukuandikia tangu uende, maana barua ni zenu wawili. Leo naandika, na Lukas hajui.

Kifurushi chako kilikaa posta bila mwenyewe. Karani wa pale tunasali naye, akaona jina, akaniita. Nikakichukua. Viatu vimemtosha mtoto kwa kubana kidogo. Koti limening'inia hapa, kila anayeingia anauliza ni la askari gani.

Wifi, Lukas hayuko stesheni. Walipunguzwa kazi tangu mwisho wa Machi, yeye na wengi. Treni ya abiria haiji tena. Kota aliambiwa aiachie, wamehamia kwangu yeye na Noela, chumba cha uani. Ile meza aliyokutengenezea haikupita mlangoni, aliwaachia wapangaji wapya. Barua zako alikuwa akizipokea Naftali, na Naftali naye amehamishiwa Tanga. Ndiyo maana kifurushi kikapotelea posta. Lukas sasa anauza mitumba soko la Memorial. Hajui kuuza. Mtu akisema bei ni kubwa, anamkubalia.

Na nikuambie lililobaki, maana nikinyamaza nitaugua. Mwezi wa Januari walimpa uhamisho wa Tabora, awe stesheni masta kamili. Akaukataa. Nilimwuliza, una wazimu? Akanijibu, "Dada, mke wangu anarudi Juni. Kazi yake iko hapa, manispaa ya Moshi. Nimpeleke Tabora akafanye nini?" Akawaandikia hapana. Haukupita muda ikaja barua yako kwamba hurudi. Alikwenda tena kuwabembeleza, wakamwambia nafasi imepata mtu.

Sikulaumu. Hukujua. Lakini sasa umejua.

Wifi yako,
Teresa


Minneapolis, 24 Septemba 1995

Lukas,

Teresa ameniandikia. Usimgombeze.

Mwaka mzima nakuandikia "stesheni yako", nawe unanijibu "hapa hakuna jipya". Nilisimama mbele ya umati wa watu nikasema mume wangu sasa hivi anafungua dirisha la tiketi. Kumbe hakuna dirisha, hakuna tiketi, na mwanangu analala chumba cha uani. Wageni walinipigia makofi kwa maneno ambayo si kweli, na hukunipa hata nafasi ya kujua kwamba si kweli.

Mimi ni nani kwako? Mtu wa kupelekewa habari za meno tu? Ungeniambia ningekuwa nimeshapanda ndege. Ungeniambia, Lukas! Sielewi nilichokufanyia hata ukaniona sistahili kuambiwa.

Kendi amenikuta nalia jikoni, akadhani kuna msiba. Sikujua nimwambie kuna au hakuna.

Haika


Moshi, 5 Novemba 1995

Haika,

Una haki ya kukasirika. Nilikuficha. Sitajitetea kwa hilo.

Lakini uliuliza ulichonifanyia, basi nikujibu. Aprili, siku chache baada ya kuikabidhi ofisi, nilikaa nikakuandikia kila kitu: Tabora, kota, vyote. Ilikuwa barua ndefu. Nilikuwa natafuta bahasha Sebastian alipobisha hodi na picha zako. Nikamkaribisha chai. Ni kijana mzuri, anakuheshimu sana. Tukatazama dari, meko, mnara. Akasema, "Shemeji, mkeo ni shujaa. Margaret alikuwa ameshampa kazi hii mwanafunzi mwingine. Haika ndiye aliyekwenda kuomba apewe yeye, akaomba wiki mbili mfululizo mpaka wakamkubalia."

Kijana hakujua anachosema. Nikamwongeza chai. Barua yako ya "nimeambiwa hakuna mwingine" nilikuwa nayo kwenye mfuko wa shati.

Alipoondoka nikaichana ile niliyoandika. Nilijiambia, kama amechagua, basi achague bila kuvutwa na huruma. Nikikuambia sina kazi utarudi umekunja uso, na kila tukigombana utakuwa na neno lako, kama bibi yake Susan. Niliona heri nikae kimya. Kumbe kimya nacho kina maneno yake. Nilikuwa nakuadhibu, sasa nakiona. Wakati ule nilikiita upendo.

Nimepata kazi Isaka, kule Shinyanga. Kuna kampuni inayopakua mizigo ya Rwanda na Burundi kutoka kwenye mabehewa. Wanataka mtu anayejua treni. Naondoka wiki hii. Noela atabaki na Teresa kwa ajili ya shule. Alilia, kisha akauliza kama Isaka ni karibu na Amerika.

Usikatishe kazi kwa hasira. Umeshaulipia mwaka huo, uumalize.

Lukas


Minneapolis, 14 Aprili 1996

Lukas,

Nimeandika barua nyingi tangu Novemba na hakuna niliyoituma. Hii naituma hata ikiwa mbaya.

Sebastian alisema kweli. Niliomba. Ukiniuliza kwa nini nilikuandikia vile, ni kwa sababu niliona ni rahisi kukuambia nimelazimishwa kuliko kukuambia nimependa.

Norrby imekwisha, na nikueleze ilivyokwisha. Mnunuzi alipatikana, mwenye hoteli kutoka Bloomington. Alikubali kununua ukumbi mkuu peke yake. Bawa la mizigo, paa la jukwaani, na chumba cha wanawake na watoto, alisema havimfai. Kamati ilikaa kujadili. Susan alitaka wakatae. Wengine wakasema nusu shari kuliko shari kamili. Wakapiga kura, Susan akashindwa.

Siku ya kuvunja Kendi aliomba ruhusa kazini akanipeleka. Mashine ilianzia jukwaani. Mihimili ile iliyopinda haikuanguka upesi. Ilikuwa imefungwa vizuri na watu waliokusudia ikae. Wakaufikia ukuta wa chumba cha wanawake. Niliona meko yakiwa wazi juani, na masizi ya miaka mia moja ndani yake. Susan alikuwa amesimama karibu yangu, mkoba mkononi kama anayengoja kusafiri. Nikamwambia, "Tumeokoa nusu." Akasema, "Haika, watu walikuwa wanangoja kwenye hiyo nusu nyingine." Kisha akaniuliza habari zako. Ndipo nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifariji. Alisema tu, "Na wewe uko hapa unafanya nini?"

Ukumbi utakuwa mkahawa. Dari wameling'arisha, linapendeza. Mahali pa tiketi patauzwa kahawa. Wamenialika kwenye ufunguzi Juni na wanataka jina langu liwekwe kwenye kibao ukutani. Nimekataa kuwapo. Jina wameshaliandika.

Nafika uwanja wa Kilimanjaro mwisho wa Mei. Nitamwona Noela, kisha nitakuja Isaka. Ukitaka nisije, mwandikie Teresa. Nisipokuta neno lako, nitakuja.

Haika


Moshi, 11 Agosti 1996

Lukas,

Nimefika salama. Treni ilichelewa Tabora, kisha Dar es Salaam nikalala kwa binamu yangu, ndipo nikapanda basi. Noela alikuwa amelala, akaamka akanitazama kwanza, kama anavyonitazama tangu nilipokuja, halafu akauliza, "Umemwona baba? Amekonda?" Nikamwambia kidogo.

Nataka kuandika yale niliyoshindwa kusema nilipokuwa kwako.

Ulinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Ulinipisha kitanda ukalala chini. Uliniita "mama" mbele ya wenzako, ukanitembeza kwenye maghala, ukanionyesha jinsi kontena linavyoinuliwa. Ulinieleza kama unavyomweleza mgeni wa serikali. Nilipotaka kupika ukasema, "Usijisumbue, kuna mama lishe." Nilijua hupendi kitunguu kibichi, nikakuona unakila. Niliogopa kuuliza ulianza lini.

Nilikuja nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno yangu yote. Hukunipa pa kuyatua.

Na siku ya kuondoka, jukwaani, begi langu likiwa mabegani mwako, ndipo ukaniuliza: "Ningekuambia wakati ule kwamba sina kazi, ungerudi?" Treni ilikuwa imeshasimama, watu wanasukumana, mtu wa nyuma yangu anapiga kelele nipande. Nikapanda. Nilipopata dirisha ulikuwa umesimama palepale, na sikusema kitu. Nimejitetea njia nzima kwamba ilikuwa ni ile kelele. Si kweli. Kulikuwa na nafasi ya neno moja.

Neno lenyewe ni hapana.

Nisingerudi, Lukas. Nilikuandikia kwa hasira kwamba ningepanda ndege, na nilipoandika niliamini. Lakini najijua. Ningelia, ningekutumia chochote nilichonacho, ningekuandikia kila wiki, na ningebaki Norrby. Nililipenda jengo lile. Nilipenda nilivyokuwa nikiingia mle ndani, watu wakinisubiri mimi niseme ukuta huu una maana gani. Hapa nyumbani nilichora vyoo vya soko. Sijui kama unaweza kumsamehe mtu kwa hilo, na sikuombi unisamehe leo. Ila usiendelee kudhani kwamba kimya chako ndicho kilichonizuia. Umeubeba mzigo huo peke yako, nao haukuwa wako wote.

Manispaa wamenirudisha kazini. Noela anazidi kunizoea. Jana aliniruhusu nimsuke, akalalamika kwamba Teresa anasuka vizuri zaidi.

Haika


Isaka, 1 Septemba 1996

Mama Noela,

Barua yako ilinikuta kazini. Niliisoma nikaikunja, nikarudi kwenye behewa, nikahesabu magunia vibaya mpaka msimamizi akanituma nikapumzike.

Imeniuma. Sitasema haikuniuma. Lakini nilikuwa nimekaa mwaka na nusu nikijiuliza swali lile, kila nikijijibu ndiyo najichukia kwa kukuficha, na kila nikijijibu hapana nakuchukia wewe. Sasa nimejua, na nimechoka kuchukia. Jana nilimpikia jirani ugali, tukala, tukacheka habari za mpira. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Na mimi nikuambie langu. Ulipokuwa hapa nilikula kitunguu kwa sababu sikutaka ujue kwamba bado unanijua.

Desemba shule zikifunga, mlete Noela. Usimtume na mtu, mlete wewe. Chumba ni hichohicho kimoja. Nitaazima kitanda cha pili kwa jirani. Kuhusu mimi na wewe, sijui. Nimejaribu kuandika kitu hapa nikakifuta, maana sikuwa na hakika nacho, na sitaki tena kukuandikia nisichokuwa na hakika nacho.

Basi la kutoka Singida hufika hapa saa za jioni. Niandikie siku mtakayosafiri. Nitakuwa nje, upande wa barabara.

Lukas